Tambi za maziwa na njegere: chakula cha jioni kabla mtoto hajalala

Ndugu mkulima, na wewe mwenye duka unayenisoma kaunta ikiwa haina mteja, wiki iliyopita niliwaahidi somo la ukungu wa viazi mviringo. Somo lipo na litakuja. Leo naomba niliweke pembeni tuzungumzie sufuria, kwa sababu mwezi huu njegere zimejaa huku milimani Lushoto, karoti zipo, maziwa yapo, na kuna jambo lilinitokea nyumbani kwangu ambalo naona aibu kulisema. Nikilificha nitakuwa nawafundisha nusu.

Ilikuwa Mei mwaka jana, mwishoni mwa masika. Asubuhi nilikuwa na kikundi cha akina mama, nikifundisha lishe. Nilibandika picha ukutani: nafaka, mikunde, mboga, matunda, maziwa. Nikasema kwa kujiamini kwamba mtoto anayekua asilale bila mlo kamili. Jioni pikipiki ikanasa kwenye tope, nikafika nyumbani saa 1 usiku. Nikawasha mkaa, nikabandika maharage. Hayakuwa yamelowekwa. Saa 3 usiku bado yalikuwa magumu. Mwanangu wa miaka saba alikuwa ameshalala kwenye mkeka, sare ya shule mwilini, daftari chini ya shavu. Nilimwamsha, akala vijiko viwili macho yakiwa yamefumba, akarudi kulala.

Ingekuwa siku moja nisingeandika. Lakini masika yale ilikuwa karibu kila siku. Baadaye mwalimu wake akaniambia mtoto anasinzia darasani kabla hata ya mapumziko. Nikampeleka kupimwa. Ugonjwa hakuonekana nao, ila uzito ulikuwa umepungua kilo mbili tangu Januari. Muuguzi akaniuliza, "Mama, jioni anakula nini?" Nikataja kwa haraka: ugali, maharage, mchicha, siku nyingine dagaa. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ni vizuri. Kisha akauliza, "Anakula saa ngapi?"

Hapo nikanyamaza.

Miaka yote niliyofundisha lishe, sikuwahi kumuuliza mama yeyote swali hilo. Nilikuwa nahesabu kilichomo ndani ya sufuria bila kuangalia saa. Chakula kizuri kinachoiva mtoto ameshalala hakimfikii mtoto. Kinawafikia wakubwa, na kinachobaki ni kiporo.

Siku chache baadaye nilimtembelea mkulima wangu mmoja. Mvua ilikuwa imekata barabara ya kijijini, lori halikufika, na magunia matatu ya njegere yalikuwa barazani yameshonwa, kila moja na kilemba kirefu juu. Ndani watoto wanne walikuwa wanakunywa chai ya rangi na viazi vitamu vya mchana. Maziwa ya asubuhi yalikuwa yameuzwa, ya jioni yalikuwa kwenye ndoo yakisubiri mnunuzi ambaye naye hangefika kwa tope lile. Nikamuuliza mwenye nyumba, "Mama, mbona usimenye njegere kidogo ukawapikia watoto?"

Akacheka. "Bibi Shamba, hizo si za kula. Hizo ni za tajiri."

Siku nyingine ningemhutubia. Siku ile nilikuwa nimemkumbuka mtoto wangu kwenye mkeka, nikakosa la kusema. Nilipoaga akanifungia njegere zilizokataliwa, yale maganda mafupi yenye punje tatu au nne, ambazo tajiri huzitupa pembeni. Njiani nikapita dukani nikanunua tambi. Usiku ule saa 2 kasorobo mwanangu alikuwa ameshakula, ameshiba, na alikuwa ananisimulia habari za mpira. Niliyoyapika nayaandika hapa chini.

Tambi si chakula cha wageni

Tambi wengi wetu tunazijua. Wakati wa futari tunazipika kwa sukari, iliki na tui la nazi. Hizi ninazozisema ni zile ndefu nene, ambazo wengine wanaziita spageti, na badala ya sukari zinapikwa kwa maziwa na mboga. Nilizila mara ya kwanza kwenye semina katika hoteli moja mjini Lushoto. Nilidhani ule uzito mweupe unatoka kwenye kopo la bei kubwa. Nikamfuata mpishi jikoni. Akanionyesha sufuria ya maziwa ya ng'ombe na bakuli la unga wa ngano. Basi.

Akaniambia pia kwamba wageni wake kutoka Ulaya wanakipenda chakula hiki kwa sababu kwao njegere mbichi ni mboga za msimu, zinasubiriwa mpaka baridi kali ipite. Italia, kwa mfano, njegere mbichi za Aprili na Mei ni jambo la kufurahia. Sisi milima hii inatupa njegere, karoti, liki na vitunguu majani, tunavishona kwenye magunia, halafu tunakunywa chai ya rangi.

Jambo jingine ambalo mkulima ndiye anapaswa kulijua kuliko wote: njegere ni tamu siku ile ile ilipochumwa. Ikishatoka kwenye mmea, sukari yake inaanza kugeuka wanga, na kwenye joto inageuka haraka zaidi. Njegere inayofika Dar es Salaam baada ya usiku mzima kwenye lori haiwezi kuwa na ladha ya hiyo iliyopo barazani kwako. Kwa hiyo njegere iliyo bora Tanzania nzima leo jioni iko nyumbani kwa aliyeilima. Swali ni kama ataionja.

Mahitaji kwa watu watano

1. Tambi ndefu, pakiti moja ya gramu 500.
2. Njegere mbichi zilizomenywa, vikombe viwili. Hata zile ndogo zilizokataliwa zinafaa, mradi hazina ukungu wala wadudu.
3. Karoti mbili za wastani, zikatwe vijiti vyembamba.
4. Vitunguu majani fungu moja, au liki moja. Tenganisha sehemu nyeupe na majani ya kijani.
5. Kitunguu saumu, punje tatu, zitwangwe.
6. Maziwa, nusu lita, yaliyokwisha kuchemshwa. Kama yalikaa yakafanya malai juu, usiyatoe malai. Ndiyo utamu wenyewe.
7. Unga wa ngano, vijiko viwili vya chakula.
8. Mafuta ya kula, siagi au samli, vijiko viwili vya chakula.
9. Chumvi na pilipili manga.

Ukiwa na zukini changa, brokoli au spinachi, weka. Usinunue kama huna. Mboga za chakula hiki ni zile zilizopo shambani wiki hii.

Namna ya kupika kwa jiko moja na sufuria moja

Kwanza, bandika maji lita tatu na funika sufuria. Kufunika si jambo dogo, kunaokoa mkaa. Maji yanapochemka ndipo unamenya njegere na kukata karoti, usikae ukisubiri. Watoto wapewe kazi ya kumenya. Mtoto anayemenya njegere halali, na zile anazoiba mdomoni ni chakula pia.

Pili, maji yakitokota sawasawa tia chumvi kijiko kimoja cha chakula, kisha tambi. Usizivunje, zisukume taratibu zikilainika zitazama. Koroga mara mbili tatu dakika za mwanzo zisishikane. Pakiti nyingi zinaandika dakika 8 hadi 10. Sisi tulioko juu tuongeze kidogo. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mahali pa juu hivyo maji hutokota kabla hayajafika nyuzi joto 100. Ndiyo sababu moja pia ya maharage yetu kuchukua muda mrefu kuliko ya ndugu zetu wa Tanga mjini.

Tatu, zikibaki kama dakika nne tambi ziive, tia karoti na njegere humo humo. Hakuna haja ya sufuria ya pili. Onja tambi moja. Iwe laini lakini isiwe uji, kwa sababu itarudi jikoni.

Nne, kabla ya kumwaga maji chota kikombe kimoja uweke pembeni. Maji hayo yana wanga wa tambi, utayahitaji. Chuja, weka tambi na mboga kwenye beseni safi, funika.

Tano, rudisha sufuria ile ile jikoni, punguza moto kwa kufunga mlango wa jiko au kutoa makaa kadhaa. Tia mafuta, kaanga sehemu nyeupe za vitunguu majani mpaka zilainike, ongeza kitunguu saumu, usikiache kiungue. Nyunyiza unga wa ngano, koroga dakika moja ili ubichi wa unga uishe. Sasa mimina maziwa kidogo kidogo huku unakoroga. Ukiyamwaga yote mara moja utapata madonge. Ndani ya dakika nne au tano yatakuwa mazito ya kushika mwiko.

Sita, rudisha tambi na mboga, geuza taratibu. Ikiwa nzito sana ongeza yale maji uliyochota, kijiko baada ya kijiko, mpaka ing'ae. Malizia na majani ya kijani ya vitunguu na pilipili manga. Anayeishi karibu na Irente, ambako hutengenezwa jibini, anaweza kukwangua kidogo juu. Asiye nayo hajapungukiwa kitu.

Kwangu, mkaa ukishashika, kazi yote ni nusu saa. Nilipima hata mkaa. Maharage yasiyolowekwa yalikula makopo matatu, tambi hizi kopo moja. Juzi pakiti ilikuwa shilingi 2,000, maziwa nusu lita 700, mboga nilipewa, na pamoja na mafuta na unga sikufika 3,500 kwa watu watano. Wewe piga kwa bei za kwako.

Makosa ambayo nimeyafanya ili wewe usiyafanye

Nyanya na ndimu usizitie kwenye maziwa yanayochemka. Uchali utayakata maziwa upate vipande na maji. Nilimwaga nusu lita nzima siku ya tatu kwa sababu nilitaka rangi.

Maziwa mabichi usiyatie mwishoni kama kiungo. Yachemshwe kwanza. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, na hata kifua kikuu. Binadamu huvipata vyote viwili.

Njegere ulizopulizia dawa juzi si za kula leo, na wala si za kuuza. Kila chupa ya kiuatilifu ina lebo inayosema siku ngapi usubiri kabla ya kuvuna. Soma lebo, andika tarehe ya kupulizia kwenye daftari. Kama kusoma ni shida mpe mwanafunzi akusomee, au niulize. Sumu haichagui kati ya mtoto wa tajiri na wa kwako.

Kwa mtoto mdogo asiye na meno ya kutosha, ponda njegere na ukate tambi. Punje nzima inaweza kumkaba.

Na tafadhali, usisome hapa kwamba afisa ugani amekataza maharage. Maharage ni chakula kikubwa. Yaloweke asubuhi unapokwenda shamba, yachemshe mengi siku ya mapumziko. Tambi ni za siku ambayo umechelewa. Siku huna pesa ya tambi, mchuzi huo huo wa maziwa na njegere umwagie viazi mviringo vilivyokatwa vidogo au ndizi. Tambi inatoka dukani, mchuzi ni wa shambani kwako.

Kuna faida nyingine. Karoti na mboga za kijani zina kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na mwili hukipokea vizuri kikiliwa pamoja na mafuta. Malai na mafuta ya chakula hiki yanafanya kazi hiyo. Karoti unayoichemsha kwa maji matupu inapoteza nafasi yake.

Habari ya kilemba

Nilimrudia yule mama na pakiti moja ya tambi, tukapika pamoja jikoni kwake. Watoto walikula mpaka wakakwangua sufuria. Nikaondoka nikiwa na furaha. Wiki iliyofuata mume wake akanisimamisha njiani.

"Bibi Shamba, nakuheshimu. Lakini umemfundisha mke wangu kula mtaji."

Alisema kweli kwa upande wake. Ada ya shule inatoka kwenye magunia yale, na mbolea pia. Nikamwomba, "Baba, nipe nusu saa tupige hesabu." Tulikwenda barazani. Tukafungua gunia moja, tukashusha kilemba chote juu ya turubai, tukapima kwa debe. Lilitoka debe moja na nusu.

Nikamuuliza, "Baba, tajiri hapa analipa magunia mangapi?"

"Moja."

"Na hiki kilichoko kwenye turubai anakilipia?"

Hakujibu. Alichukua ganda moja akalipasua kwa kidole, akatazama punje. Kisha akasema polepole, "Kumbe tunamlisha tajiri, watoto tunawapa chai."

Ndugu mkulima, lumbesa ile ndiyo chakula cha jioni cha watoto wako. Hatuli mtaji tunapochukua bakuli moja la njegere, tunakula kile ambacho tungekitoa bure. Najua huwezi kuishinda lumbesa peke yako. Ukikataa wewe, tajiri anakwenda kwa jirani. Wakala wa Vipimo wanaikataza, sheria ipo, lakini sheria inamsaidia zaidi anayesimama na wenzake. Uzeni kwa kikundi, uzeni kwa kilo, muwe na mizani yenu. Hilo ni somo refu, tutalirudia. Ila kuna hatua ambayo haihitaji kikundi wala mizani: kabla hujashona gunia, toa bakuli la nyumbani. Liwe desturi kama unavyotoa mbegu. Mbegu ni ya msimu ujao, bakuli ni la mtoto wa leo.

Na maziwa ya jioni vivyo hivyo. Toa nusu lita kabla ya kupima ya mnunuzi. Ukingoja yatakayobaki, hayatabaki.

Kwa wenye maduka na wachuuzi

Nawe mfanyabiashara usikasirike, nina lako. Mama mwenye shilingi 1,000 hanunui pakiti nzima ya tambi. Zipo pakiti ndogo, ziulizie unakonunua jumla. Ukiuza za kupima, tumia mizani na mifuko safi, na zikae mbali na mafuta ya taa na sabuni, kwani tambi hunyonya harufu.

Njegere zilizomenywa, karoti na vitunguu majani vikipangwa fungu moja kwenye sahani, kuanzia saa 11 jioni, vinanunuliwa na walimu, madereva wa bodaboda na wafanyakazi kama mimi wanaorudi wamechoka. Yule anayenunua zile njegere fupi zilizokataliwa na tajiri, akazimenya na kuziuza kwa kikombe, anapata pesa kwenye kitu kilichokuwa kinatupwa. Menya kidogo kidogo za siku hiyo, kwa sababu zikishamenywa huharibika haraka. Nawa mikono, funika kwa kitambaa safi.

Nimalizie

Mwanangu alirudisha zile kilo mbili kabla ya mwezi wa tisa. Sikusema ni tambi zilizomponya, maana tambi tulikula mara mbili tu kwa wiki. Kilichobadilika ni saa. Nililoweka maharage asubuhi, nilichemsha viazi mapema, na siku nilizochelewa nilikuwa na pakiti kabatini na njegere kwenye bakuli. Saa 2 usiku sahani zimeoshwa.

Juma lililopita nilipita kwa yule baba na mama. Walikuwa wanashona magunia. Juu ya kiti cha barazani palikuwa na bakuli la njegere limefunikwa kwa sahani, na hakuna aliyeniambia lolote kuhusu bakuli hilo. Sikuuliza.

Basi leo kabla hujalala, sikuulizi umepika nini. Nakuuliza swali nililoulizwa na muuguzi: watoto wako jana walikula saa ngapi?

Wiki ijayo ukungu wa viazi mviringo, kama nilivyoahidi. Kazi njema shambani.